Sura ya Mwisho ya Nyumba ya Vaidehi

Ukifungua kabati la mbao lililo ukumbini kwa Visalam, kabla hujaona sahani wala bilauri utaona mwandiko. Mlango wa kushoto umeandikwa kwa penseli upande wa ndani, kutoka juu mpaka chini kwenye bawaba. Ulipojaa ukaandikwa wa kulia, na wa kulia ulipojaa mwandiko ukahamia ukutani, ukawa unateremka pembeni ya kalenda. Ni majina ya riwaya. Riwaya za kusoma. Sisi wa Mtaa wa Mashariki, hapa mjini Mayavaram, tunaijua orodha ile na tunaicheka, maana mwenyewe ana miaka sabini na kitu, na kila wiki anaongeza majina mawili matatu utadhani ameahidiwa kuishi milele.

"Shangazi," Mahalingam wa maktaba humwambia, "hata ukisoma huku unakula na huku unaoga, hutazimaliza."

"Nani kakwambia nataka kuzimaliza? Wewe gonga muhuri wako."

Ndivyo alivyo. Mdomo anao. Lakini Mahalingam hajui, wala wengi wetu hatukujua, kwamba orodha ile ilikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Jina liliandikwa wote wawili wakikubaliana, na lilikatwa mstari pale tu riwaya ilipokwisha kusomwa mbele ya wote wawili. Mmoja alikuwa Visalam. Wa pili alikuwa Senbagam, mke wa kaka yake.

Sasa usije ukadhani walipendana hao. Senbagam aliletwa nyumba ile bibi harusi mbichi, akamkuta wifi yake yuko ndani, hajaolewa na hana dalili ya kuolewa. Wanajimu walikuwa wamesoma nyota za Visalam wakatikisa vichwa, na wachumba watatu walikuja wakanywa kahawa, wakasifu kahawa, wakaondoka kimoja. Akapata kazi ofisi ya simu, ya kuunganisha watu kwenye waya, akabaki kwa baba na mama yake. Mawifi wawili jiko moja. Wiki ya kwanza waligombania haradali, nani kaiunguza. Wiki ya pili walinuniana, wakawa wanatumana kupitia kwa ng'ombe: "Mwambie huyo maji yamechemka."

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, gazeti la hadithi likatupwa barazani. Visalam akatoka mbio chumbani, Senbagam akatoka mbio jikoni na mikono ya unga, wakalidaka pamoja, huyu huku na yule kule. Hakuna aliyeachia. Natesan, kaka mtu, alikuwa kwenye bembea ya ukumbini na kahawa yake. Akawatazama weee, akasema, "Lichaneni basi, kila mtu apate nusu."

Hawakulichana. Waliketi kizingitini, Visalam akasoma kwa sauti, Senbagam akamenya vitunguu. Senbagam alikuwa ameachishwa shule darasa la tano. Herufi alizijua, lakini alizipita moja moja kwa kidole, na ukurasa mmoja ulimlia nusu ya asubuhi. Kusikiliza, hata hivyo, hakuna aliyemshinda. Alisikiliza kwa mwili mzima, na mhusika akifanya upumbavu alimtukana mpaka Visalam akashindwa kuendelea kwa kucheka. Tangu siku hiyo haradali iliendelea kuungua na ugomvi uliendelea, lakini Alhamisi mchana, wanaume wakishashiba wali wa mtindi na kulala, palikuwa na amani.

Watu wa umri wao wanajua mambo yalivyokuwa. Riwaya ilitoka kwenye gazeti sura moja kila wiki, na mtu mwenye akili zake hakutupa. Alikata zile kurasa kwa mkasi, akaziweka chini ya godoro, na hadithi ikiisha akampelekea fundi wa kujalidi, akarudi na kitabu. Kitabu cha namna hiyo kina vituko vyake. Nyuma ya ukurasa wa mapenzi kuna tangazo la mafuta ya nywele, na chini ya kifo cha shujaa kuna nusu ya mapishi ya achari ya ndimu, nusu ya pili ikiwa imebaki kwenye gazeti lililofungiwa karanga. Visalam mpaka leo anajua nusu ya mapishi mengi sana.

Basi ikaja *Nyumba ya Vaidehi*. Ilidumu karibu miaka miwili gazetini, na mji mzima ulikuwa roho juu. Vaidehi alikuwa mke kijana aliyeishi na wifi yake, akatukanwa neno moja zito kwenye sherehe mbele ya watu, akachukua begi lake akaenda mjini kuwa muuguzi. Miaka ikapita. Wifi akajuta, akawa anawasha taa mlangoni kila magharibi kumngojea. Sura ya mwisho kasoro moja iliishia Vaidehi kasimama kwenye mlango wa hosteli, begi mkononi, anatazama njia. Chini yake pakaandikwa: wiki ijayo, mwisho.

Wiki hiyo Natesan akafa. Alikuwa anafunga vifungo vya shati aende kazini, akakaa kitandani, akawa basi.

Ndani ya msiba nani atauliza gazeti? Lakini siku za matanga zilipokwisha, wageni wakaondoka na nyumba ikapoa, Visalam akakumbuka. Alipekua chini ya magodoro, nyuma ya mapipa ya mchele, kwenye chumba cha kuni. Akamuuliza wifi yake. Senbagam, mjane mpya, mikono mitupu bila bangili, alimjibu bila kuinua uso: "Labda muuza magazeti hakuleta. Nani alikuwa na akili ya gazeti?"

Visalam akatoka na hasira zake mpaka kwenye kona, akamwita muuza magazeti mwizi mbele ya wateja wake. Yule mzee aliapa kwa watoto wake kwamba alileta. Visalam hakumnunulia tena kitu mpaka mzee akafa. Mwandishi wa hadithi naye akafa, gazeti likafungwa, na kwa sababu hakuna aliyeitoa kama kitabu, *Nyumba ya Vaidehi* ikajalidiwa bila mwisho. Fundi alitia kurasa chache tupu nyuma. "Ukiipata," alisema, "niletee niibandike hapa."

Jina lake likabaki juu kabisa kwenye mlango wa kabati, halijakatwa.

Mawifi wakazeeka pamoja. Mtoto wa pekee, Baskaran, alisoma, akaoa, akahamia mji wa Coimbatore. Wao wakabaki na nyumba, kisima, ng'ombe wa mwisho akauzwa, na Alhamisi zao. Gazeti halikuwepo tena, wakawa wanachukua vitabu maktaba. Visalam anasoma, Senbagam anachambua dengu. Waligombana kila siku ya Mungu, na walikuwa na raha zao, ingawa ungewaambia hivyo wangekukana wote wawili.

Halafu Senbagam akateleza kisimani, akavunja nyonga. Baskaran akaja na gari, akamlaza mama yake kiti cha nyuma. "Miezi miwili tu, shangazi," alisema. Senbagam alitoa kichwa dirishani.

"Usije ukasoma bila mimi."

"Nani atanisikiliza? Paka?"

Miezi miwili ikawa mwaka, na mwaka ukawa miaka.

Visalam alisoma bila yeye, atafanyaje? Mtu aliyezoea riwaya usimwambie akae na mikono mapajani. Alikwenda maktaba na mkoba wake wa kitambaa, akarudi nao umemwelemea. Alisoma za mapenzi, za majambazi, za wafalme, zilizotafsiriwa kutoka Kibengali na Kirusi, alisoma mpaka Mahalingam akawa anamwekea vitabu vipya kabla havijapangwa. Lakini kwenye mlango wa kabati hakukata hata jina moja alilolisoma peke yake. Alikuwa akimaliza kitabu, anafungua kabati, anatazama jina lake, anafunga. Wifi hajaisikia. Aongeze tu, ruhusa ya wifi ataiomba baadaye, siku Senbagam akirudi wataanza pale walipoachia. Ndiyo sababu orodha ilikuwa inakua tu na haipungui. Sisi tulidhani ni uroho wa vitabu.

Alikuwa mpweke, na sioni haja ya kulizungusha neno hilo. Alikuwa anasoma kwa sauti jikoni peke yake kwa mazoea, akifika pahali pa kuchekesha ananyamaza, anangoja, halafu anakumbuka. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu kupitia ukutani, ile sauti inakatika, kimya, halafu inaanza tena chini chini. Mara nyingine aliacha kabisa, ukasikia bembea peke yake.

Simu ndiyo iliyomwokoa. Senbagam alipiga mwenyewe, Alhamisi moja mchana, akasema huko kwa mwanawe kuna televisheni kubwa kama mlango wa hekalu na ndani yake hakuna la maana. "Nisomee kitu," akasema. Visalam akaegemeza simu kwenye mtungi wa shaba, akaweka sauti juu, akasoma. Huku bembea inalia, kule maganda ya maharage yanapasuka. Ikawa ada, na jina lililosomwa hivyo lilikatwa, ingawa yaliyoongezwa yalizidi yaliyokatwa. Alhamisi, baada ya chakula, hata ungekufa usingempata Visalam kwa jambo jingine.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, Baskaran alimpigia shangazi yake. Daktari amesema mama anaweza kusafiri. Anaweza kurudi Mayavaram akitaka, wao watamtafutia msichana wa kumsaidia. "Sikukuu ya Pongali ikipita ataamua mwenyewe, shangazi. Mimi simlazimishi huku wala huku."

Visalam alikata simu, akakaa. Halafu akainuka, akatoa godoro la Senbagam akalianika juani. Pongali yenyewe bado miezi miwili na ushee, na godoro linaanikwa leo.

Alhamisi iliyofuata Senbagam akamwambia, "Nisomee *Nyumba ya Vaidehi*."

"Ile haina mwisho."

"Najua haina mwisho. Nisomee."

Wakaanza tangu mwanzo. Visalam alisoma taratibu, akapita matangazo ya mafuta ya nywele, wakacheka tena palepale walipocheka ujanani. Kila wiki kurasa za kushoto zikanenepa na za kulia zikakonda, na Visalam akaanza kuingiwa na hofu. Ilimwingia kichwani, sijui kwa njia gani, kwamba wakifika mwisho na mwisho haupo, Senbagam atasema haya basi, tumemaliza, na hatakuja. Na kwamba mwisho ukiwepo, mwisho mzuri, atakuja. Ni upuuzi. Lakini mtu aliyekaa peke yake miaka ile yote hana wa kumwambia kwamba ni upuuzi.

Akaitafuta sura ya mwisho upya. Alikwenda kwa wanunuzi wa makaratasi ya zamani nyuma ya stendi, akachakura mpaka pua ikajaa vumbi. Alimsumbua Mahalingam, naye akaandika barua kwa maktaba tatu za miji mikubwa. Majibu yalikuwa yaleyale: gazeti hilo hatuna, au tunalo lakini mwaka huo umeliwa na mchwa.

"Shangazi, si utunge mwenyewe?" Mahalingam akasema kwa mzaha, anafunga dirisha. "Riwaya zote hizo ulizosoma, hushindwi na sura moja."

Visalam akachukua mkoba wake akatoka, na Mahalingam akadhani leo amemuudhi. Kumbe kichwani mwake mwenzake alikuwa keshafika nyumbani, ameshika kalamu.

Alitunga kwa siku nyingi. Aliandika kwanza nyuma ya karatasi za kalenda, zile za kuchana kila siku, akafuta, akaandika tena. Halafu akanakili kwa kalamu ya wino kwenye zile kurasa tupu ambazo fundi alikuwa ameziacha, kwa mwandiko wake wa ofisini. Alimrudisha Vaidehi. Alimpandisha basi la alfajiri, akamteremsha penye mnara wa saa, akamtembeza mtaa mzima bila kiatu kumchubua, akamfikisha mlangoni. Wifi yake yuko kizingitini ameinama, anachora maua ya unga wa mchele kama kila asubuhi. Anainua uso. Mwisho.

Alhamisi ya wiki ya Pongali ikawa zamu ya sura hiyo. Mtaa ulikuwa unanuka majivu ya mioto ya sikukuu na sukari guru, na ng'ombe wa majirani walikuwa bado na rangi kwenye pembe. Visalam alikaa kwenye bembea, kitabu mapajani, simu kwenye mtungi. Akajisema moyoni kwa kuogopa kizee mwenzake.

"Wifi, kuna jambo," akaanza. "Nimeipata ile sura."

Kule maganda yakanyamaza. "Umeipata wapi?"

"Maktaba ya Madurai. Mahalingam aliandika barua. Niisome au nisiisome?"

"Soma," Senbagam akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Visalam akakohoa, akasoma. "Vaidehi aliutazama mlango wa hosteli mara ya mwisho. Akaliinua begi lake. Jua lilikuwa halijatoka alipofika kituoni, na kondakta alimsogezea nafasi karibu na dirisha. Basi likaondoka..."

"Treni," Senbagam akasema.

Visalam akainua macho kitabuni.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu. Soma."

"Umesema treni."

"Nimekohoa."

"Wifi, mimi nimelipwa mshahara maisha yangu yote kwa kusikiliza watu kwenye waya. Kikohozi nakijua. Umesema treni."

 Kule televisheni ilikuwa inatangaza sabuni. Visalam aliacha bembea ikasimama yenyewe. Sura walizokuwa nazo zilimwacha Vaidehi mlangoni, miguu yote miwili chini. Hapakuwa na basi wala treni. Mtu wa kujua kuhusu treni ni yule aliyesoma sura inayofuata, hakuna mwingine.

"Uliisoma," Visalam akasema.

"Niliisoma."

"Lini?"

"Alhamisi ileile." Kule bakuli la maharage likawekwa chini. "Ninyi mko ukumbini mnapokea watu. Mimi nimekalishwa chumba cha nyuma, wamenivua bangili, wamenivua kipini, kila mwanamke anaingia ananishika kichwa analia anatoka. Nikaona gazeti limepenyezwa chini ya mlango wa uani. Nikalivuta kwa mguu. Nikakaa nalo mchana kutwa, unanijua mimi na herufi zangu. Mume wangu majivu hayajapoa, na mimi nahangaika na kidole kutafuta kama Vaidehi amerudi kwake."

"Halafu?"

"Halafu nikalitia kwenye jiko la maji ya kuoga. Ningemwambia nani? Mjane wa siku tatu kashika gazeti la hadithi. Mama yako angenitoa nje na mkeka wangu."

"Mama ni mama. Mimi je?"

"Wewe kwa kusoma kwenye msiba ungenisamehe. Kwa kusoma bila wewe usingenisamehe."

Visalam alitaka kukataa, akaona ni kweli. Akakumbuka kitu kingine.

"Mzee wa magazeti nilimwita mwizi, wewe. Mbele za watu."

"Najua. Nilikusikia kutoka barazani. "

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hapo ndipo ungetarajia Visalam awake, maana amegombana na mwanamke huyo kwa haradali, kwa chumvi, kwa nywele kwenye mfereji wa bafu. Hakuwaka. Alikuwa anamwona Senbagam wa wakati ule, kijana bado, mikono mitupu, kidole kinapita chini ya neno moja moja, huku yeye yuko ukumbini anagawa maji kwa wageni. Kumbe walikuwa wawili wanaongoja mwisho uleule kwenye nyumba moja, na ukuta katikati. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la sari, akasema kwa sauti ya kazi:

"Haya. Uliishaje?"

"Kwanza maliza wa kwako."

"Wa kwangu uongo."

"Najua ni uongo. Umalize."

Akausoma. Aliusoma wote, basi na mnara wa saa, mtaa, kizingiti, unga wa mchele. Ule mstari wa wifi kuinua uso akaurudia. Alipomaliza, kule Senbagam akacheka na pua imejaa maji.

"Huyo wifi wako wa kutunga," akasema, "tangu Vaidehi ashuke kwenye basi hajamtukana hata mara moja. Mahali gani uliwahi kuona wifi wa hivyo?"

"Nilikuwa nimetengeneza nafasi ya matusi. Karatasi zikaisha."

"Ni mzuri. Kuliko ule wa gazeti." Akapangusa pua. "Vaidehi wa gazeti hakurudi, wifi. Alipanda treni ya kwenda kaskazini, akapata kazi huko. Sehemu ya mwisho kabisa ni yule wifi. Inafika magharibi, anatoka na taa kama kawaida, anasimama, anarudi nayo ndani. Anafunga mlango. Basi, imekwisha."

Nje watoto walikuwa wanafukuza ndama mwenye puto kwenye pembe. Visalam aliwatazama mpaka wakapita. Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu siku ya gari la Baskaran, maana alikuwa anaogopa jibu lake.

"Rudi nyumbani, wifi. Godoro nimelianika."

"Sirudi, Visalam."

Senbagam hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. Hilo ndilo lililomwambia kwamba mambo yamekwisha.

"Nimefikiri sana, usidhani sikufikiri," Senbagam akaendelea. "Hapa nina lifti, nina choo cha kukaa, mjukuu wangu ananisugua miguu kila jioni. Lakini si hayo. Hapo nyumbani, kila nikipita ukumbini namwona Natesan amelazwa, na naona kile chumba cha nyuma. Nilikaa humo miaka yote hiyo kwa ajili yako, na kwa ajili ya Alhamisi. Sasa Alhamisi ninayo kwenye simu. Nyumba siiwezi tena."

"Na mimi?"

"Wewe njoo huku."

"Niende nikae wapi, kwenye lifti? Hii nyumba ya baba yangu."

"Nilijua utasema hivyo."

"Basi kwa nini umeuliza?"

"Ili usiseme sikuuliza."

Hakuna aliyekata simu. Mwishowe Senbagam akauliza Alhamisi ijayo atasomewa nini. Visalam akasema atatazama orodha. Wakaagana kama watu wanaoagana kila wiki.

Visalam alifunga kitabu, akakirudisha mahali pake. Akaingia chumbani kwa Senbagam, akalikunja godoro, akalifunga kamba. Halafu akafungua milango yote miwili ya kabati, akavuta kigoda, akapanda juu yake na penseli. *Nyumba ya Vaidehi* ilikuwa juu kabisa, mwandiko umeshaanza kufifia. Akaikata mstari. Hiyo ilikuwa halali, imesomwa mbele ya wote wawili, na mwisho wake mara mbili.

Hakuteremka. Alilitazama jina lililofuata ambalo halijakatwa, riwaya aliyoisoma mwaka ule Senbagam alioondoka, akaisoma usiku na mchana, akalia nayo peke yake. Alikaa analitazama kitambo. Akalikata. Akakata lililofuata, na lililofuata. Kile cha majambazi. Kile kikubwa cha Kirusi kilichomlia kiangazi kizima. Kile cha Kibengali alichokisoma mara mbili. Mlango wa kushoto ukaisha, akasogeza kigoda, akaanza wa kulia. Penseli ikawa butu, akaichonga kwa kisu cha mboga. Nilipita kumpelekea sahani ya wali wa sukari guru wa sikukuu, nikamkuta keshafika ukutani, amepiga magoti pembeni ya kalenda, magoti yenyewe yanamuuma.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nakata nilivyosoma."

"Vyote hivi umesoma?"

"Zamani sana," akasema, akakata kingine.

Niliweka sahani chini nikasimama nyuma yake. Ile orodha tuliyoicheka mtaa mzima, ya kumtosha mtu kuishi mara tatu, ilikuwa imejaa mistari kutoka juu mpaka chini. Majina mazima yaliyobaki yalikuwa machache, hayazidi vidole vya mikono, na mtu mmoja angeweza kuyamaliza.